Kila Mbinu na Mwanafunzi Wake: Hotuba kwa Walimu wa Kiswahili kwa Wageni

Walimu wenzangu, na ninyi mnaojiandaa kuingia katika kazi hii, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie namna mbinu za kufundisha lugha za kigeni zilivyobadilika. Jambo hilo ni pana mno, kwa hiyo nitalifuata kwenye njia tunayoijua wote humu, yaani ufundishaji wa Kiswahili kwa wageni. Lugha yetu imepitishwa katika karibu kila mbinu kubwa iliyotokea Ulaya na Marekani tangu katikati ya karne ya 19. Vitabu vya kila enzi bado vimo makabatini mwetu, na vingine vinafundishiwa hadi leo.

Hoja yangu ni hii: kila mbinu ilibuniwa kwa ajili ya mwanafunzi fulani, mwenye muda fulani, katika mazingira fulani. Ilipomhudumia huyo, ilifanya kazi. Ilipopelekwa kwa mwingine bila kurekebishwa, ilikwama, na lawama zikaangukia mbinu yenyewe. Kwa hiyo kila nitakapotaja mbinu nitataja na mwenyewe, yule mwanafunzi ambaye ilitengenezwa kwa ajili yake.

Mwaka 1850 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili huko Tübingen. Miaka 20 baadaye, mwaka 1870, Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, akatoa mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja. Mpangilio wake unafuata mazoea ya sarufi za Kilatini: nomino, vivumishi, viwakilishi, vitenzi, kisha orodha ndefu za maneno. Hii ndiyo sarufi na tafsiri. Mwalimu anaeleza kanuni kwa lugha ya mwanafunzi na kutoa mifano. Mwanafunzi anakariri maneno, kisha anatafsiri sentensi kwenda na kurudi. Makosa yanasahihishwa kwa kalamu, na hakuna anayelazimika kufungua mdomo.

Leo tunaidharau mbinu hiyo. Lakini msomaji wa Steere alikuwa mmisionari au ofisa anayeishi Unguja. Akifunga kitabu na kutoka nje, Kiswahili kinamsubiri sokoni, bandarini na uani, kutwa nzima. Kitabu kilimpa maelezo, mji ukampa lugha. Mwanafunzi wa Leipzig au Wisconsin mwenye saa 3 kwa wiki hana mji huo. Ukimwachia kitabu peke yake umempa nusu, tena nusu isiyosema. Ndiyo maana tunawapata wahitimu wanaochora jedwali la ngeli zote bila kukosea, lakini ukiwauliza "Umetoka wapi?" wanababaika.

Wajerumani waliliona pengo hilo mapema. Seminari ya Lugha za Mashariki ilipofunguliwa Berlin mwaka 1887, ikihudumia wanadiplomasia na watumishi wa makoloni, kazi iligawanywa: profesa Mjerumani alieleza sarufi, na mzawa wa lugha aliyeitwa lekta akasimamia matamshi na mazungumzo. Amur bin Nasur kutoka Zanzibar alishika nafasi hiyo, na kuanzia mwaka 1900 akaishika Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwandishi hodari ambaye kazi yake imo ndani ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Mpango ulikuwa na busara, ila ulimweka mwenye lugha chini ya mwenye maelezo, na hilo lilikuwa kosa la haki na la ufundishaji pia.

Mgawanyo huo haujafa. Bado kuna vyuo ambako sarufi ni ya mmoja na "mazoezi" ni ya mwingine, na wawili hao hawajawahi kuketi pamoja wakapanga wiki moja. Matokeo ni mwanafunzi kufundishwa ngeli mara mbili kwa majina mawili. Huku kwa namba za wanaisimu wa Kibantu, ambapo umoja na wingi kila mmoja una namba yake: kitabu ni ngeli ya 7, vitabu ya 8. Kule kwa viambishi vya upatanisho, kama tunavyofundishana shuleni: KI-VI. Mwanafunzi akifika Unguja kwa kozi ya miezi miwili, akisikia "U-I" hatambui kwamba ndiyo 3 na 4 yake. Siku ya kwanza mpe kikaratasi chenye safu mbili: 1/2 ni A-WA, 3/4 ni U-I, 5/6 ni LI-YA, 7/8 ni KI-VI, 9/10 ni I-ZI. Ni kazi ya dakika tano, na utaepuka wiki nzima ya kuulizwa maswali ambayo si ya lugha bali ya majina.

Wakati huohuo Ulaya ilikuwa na vuguvugu la mageuzi. Mwaka 1882 Wilhelm Viëtor alitoa kijitabu kilichodai kwamba ufundishaji wa lugha ni lazima ugeuzwe: lugha ni sauti kwanza, na neno lifundishwe ndani ya maneno mengine, lisitengwe. Mwaka 1886 Paul Passy na wenzake waliunda Paris chama kilichotuletea alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa. Huko Marekani Maximilian Berlitz alikuwa amekwisha kufungua shule yake Providence mwaka 1878, na ndani ya shule hizo lugha ya mwanafunzi haikuruhusiwa. Mwalimu anashika kitu, anakitaja, anauliza, anajibu mwenyewe, kisha anamgeukia mwanafunzi. Mbinu ya moja kwa moja, tunaiita.

Mbinu hii ikiletwa katika Kiswahili kama ilivyo, inagonga mwamba katika sentensi ya kwanza, na walimu wengi hawajui kwa nini. Kwa Kiingereza mwalimu anaweza kuonyesha vitu 20 kwa kiashiria kimoja. Kwetu sisi, vitu vitano vya kwanza unavyovikuta mezani vinaweza kudai viashiria vitano: hiki ni kitabu, hii ni kalamu, huu ni mkoba, hili ni yai, huyu ni Asha. Mwanafunzi anadhani amefundishwa maneno matano, kumbe ametupiwa maneno kumi, matano kati yake yakibadilika bila sababu anayoiona. Akifika nyumbani anafungua kitabu cha sarufi kutafuta jedwali, na mbinu ya moja kwa moja imekufia hapohapo.

Dawa yake iko katika kuchagua vitu. Saa ya kwanza beba vitu vya ngeli moja tu: kitabu, kisu, kijiko, kikombe, kiatu, kioo, kitambaa, na kiti ulichokalia. Hivyo ni vinane, na vyote isipokuwa kiti vinaenea kwenye mkoba. "Hiki ni nini? Hiki ni kijiko. Je, hiki ni kisu? Hapana, si kisu, ni kikombe. Kikombe kiko wapi? Kiko mezani. Hivi ni nini? Ni vijiko." Usiseme neno "ngeli" hata mara moja. Saa ya pili leta kalamu, sahani, simu, chupa, picha na saa, zote za I-ZI, ambazo pia zina faida ya kutobadilika umbo katika wingi. Saa ya tatu changanya vitu vya saa hizo mbili, na hapo mwanafunzi mwenyewe atauliza kwa nini hiki na kwa nini hii. Maelezo yakija baada ya swali lake, dakika tatu zinatosha.

Mwenyewe wa mbinu ya Berlitz alikuwa mtu mzima anayelipa, katika darasa dogo, na mwalimu anayeisema lugha kwa ufasaha. Serikali ya Ufaransa ilipoiagiza kwa shule zake mwanzoni mwa karne ya 20, ilikutana na madarasa makubwa na walimu ambao wengine hawakuwa na ulimi mwepesi, ikalegea. Marekani nako ripoti ya Coleman ya mwaka 1929 ilisema wazi kwamba miaka miwili ya vipindi vya shule haitoshi kumfanya mtu azungumze, heri afundishwe kusoma. Wengi huicheka ripoti hiyo. Mimi naiheshimu kwa sababu ilihesabu saa kabla ya kutoa ahadi, jambo ambalo mitalaa mingi ya leo haifanyi.

Hapa katikati simruki E. O. Ashton wa SOAS, chuo cha lugha za Asia na Afrika huko London, aliyetoa sarufi yake mwaka 1944. Alijitenga na Kilatini, akaeleza kila ngeli kwa fikra iliyomo ndani yake, na akapanga masomo kwa hatua. Tena aliweka kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, hadi kwenye jina la kitabu. Sisi tuliokirithi tumebaki na ngeli, kiimbo tumekiacha. Nendeni mkasikilize wanafunzi wa mwaka wa pili. "Amefika." na "Amefika?" kwao ni kitu kimoja, kwa hiyo wanabandika "je" mbele ya kila swali ili waeleweke. Chukua sentensi kumi fupi, uzisome bila mpangilio, nyingine kama taarifa nyingine kama swali. Wao wainue mkono wanaposikia swali. Kisha wasome wao, wewe uinue mkono. Dakika nne, mara mbili kwa wiki, kwa mwezi mmoja.

Sasa tuje vitani. Mwaka 1943 jeshi la Marekani lilianzisha mpango wa kuwafundisha askari lugha kwa haraka. Vikundi vilikuwa vidogo. Askari alipata kama saa 15 za mazoezi kwa wiki na mzawa wa lugha, na juu yake saa 20 hadi 30 za kujisomea, kwa awamu mbili au tatu za wiki sita. Mpango wenyewe haukudumu hata miaka miwili, lakini matokeo yake yaliwavutia wanaisimu. Kutoka humo, na kutoka kwa kazi ya mwanaisimu Charles Fries huko Michigan, ikakua mbinu ya kusikiliza na kusema: lugha ni mazoea, na mazoea hujengwa kwa kurudia ruwaza hadi ulimi ujiendee wenyewe.

Kiswahili kiliingia hapo kwa mlango mpana. Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, satelaiti ya kwanza, mwezi Oktoba 1957, na mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya elimu kwa ulinzi wa taifa, iliyotoa fedha za kufundisha lugha ambazo vyuo vyake vilikuwa havijazijali, Kiswahili kikiwemo. Mwaka 1961 likaja Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, na vijana wake wa kwanza wa Tanganyika wakafika mwaka huohuo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani nayo ikatoa kozi yake ya msingi ya Kiswahili katika miaka hiyo ya 1960, Earl Stevick akiwa miongoni mwa waandishi wake. Maabara za lugha zikajaa mikanda ya sauti.

Zoezi la kubadilisha linakwenda hivi. Mwalimu anatoa sentensi ya msingi, kisha anataja neno moja tu, na darasa linajenga sentensi mpya:

– Kitabu changu kimepotea. Kisu.
– Kisu changu kimepotea.
– Visu.
– Visu vyangu vimepotea.
– Mwavuli.
– Mwavuli wangu umepotea.
– Funguo.
– Funguo zangu zimepotea.

Kwa lugha yenye upatanisho kama yetu, zoezi hili ni hazina, na sikubaliani na wanaotaka litupwe. Sentensi moja inabadilika mahali patatu kwa mpigo mmoja, na hakuna maelezo yatakayoufanya ulimi uzoee hilo. Lakini jaribuni jambo hili katikati ya zoezi: tajeni neno lisilokuwepo, semeni "kitufa". Darasa zima litajibu, "Kitufa changu kimepotea," bila kusita. Hapo mtajua kwamba kinachofanya kazi ni sikio na ulimi tu, maana haimo. Mwanafunzi huyo akipoteza simu yake kweli kweli, sentensi haitamjia. Mwaka 1959 mwanaisimu Noam Chomsky alikuwa ameishambulia nadharia ya mwanasaikolojia Skinner kwamba lugha ni mazoea, na nguzo ya kinadharia ya mbinu hii ikavunjika. Darasani ilivunjwa na kitu kingine: vyuo viliyachukua mazoezi ya askari wa saa 15 kwa wiki na kuyatia ndani ya vipindi vya saa 3. Kilichobaki ni uchovu wa kurudia bila wingi wa kurudia.

Namna ya kuliokoa zoezi ni kulitia maana. Weka mezani vitu kumi vya ngeli mnazozijua: mwavuli, visu viwili, yai, simu, kikombe na kadhalika. Wape sekunde 30 watazame, wafumbe macho, uondoe viwili au vitatu. "Nini hakipo?" Jibu: "Mwavuli haupo, na visu havipo." Rudia kwa yai halipo, simu haipo. Sasa upatanisho unabeba habari ya kweli. Fanyeni duru sita hadi nane, zisizidi dakika tano, maana baada ya hapo akili inaondoka na ulimi unabaki peke yake.

Miaka ya 1960 na 1970 ilileta mbinu nyingi ndogondogo ambazo sitakaa nazo: ya Lozanov ya muziki na utulivu, ya Gattegno ya mwalimu kunyamaza, na nyinginezo. Moja tu naichukua, ya James Asher ya kuitikia kwa mwili. Mwalimu anaamuru, mwanafunzi anatenda, halazimiki kusema. Kiswahili kinaipenda kwa sababu amri haina kiambishi cha wakati: simama, keti, fungua dirisha, nipe kalamu. Wingi ni simameni, ketini. Wekeni mapema njoo na njooni, nenda na nendeni, kwa kuwa hazifuati kanuni na ndizo zinazosikika zaidi mtaani. Baada ya saa tano au sita mbinu hii imetoa ilichonacho. Huwezi kumwamuru mtu adhani, akumbuke au ajute.

Mageuzi makubwa ya mwisho, yaani mbinu ya mawasiliano, yalitoka kwa Dell Hymes, mwanaanthropolojia wa lugha, aliyesema kwamba kujua lugha ni pamoja na kujua nini kisemwe kwa nani, wapi na lini. Baraza la Ulaya lilikuwa na mwanafunzi wake mahususi: mtu mzima anayevuka mpaka kwenda kufanya kazi au kuishi nchi jirani. Mwaka 1975 J. A. van Ek aliorodhesha mambo ambayo mtu huyo lazima aweze kuyafanya kwa lugha, kama kuomba, kukataa, kuuliza njia, kuomba radhi, na mwaka 1976 D. A. Wilkins akaeleza namna mtalaa unavyoweza kujengwa juu ya mambo hayo badala ya vipengele vya sarufi.

Kwetu sisi hili lilikuwa kama kurudishiwa mali yetu, kwa sababu Kiswahili hakivumilii kosa la adabu jinsi kinavyovumilia kosa la sarufi. Mgeni anayemwambia mama mwenye nyumba "Nataka maji" hajakosea kiambishi hata kimoja, lakini amekosea. Anatakiwa aseme "Naomba maji", na kwa mtu mzima aanze na shikamoo. Akimpa shikamoo kijana wa rika lake, kijana atacheka. Akimpa mzee "Mambo?", wengine watamsamehe na wengine watamwona hana malezi. Kwa hiyo somo la salamu lisiwe orodha ya jozi za kukariri. Andaa kadi 12 zenye watu: bibi wa miaka 70, dereva wa bodaboda, mwalimu mkuu, mwanafunzi mwenzako, mtoto, karani wa ofisini, na wengine. Mwanafunzi anachota kadi, anachagua salamu, darasa linaamua kama imekaa. Mabishano yatakayotokea kuhusu karani ndiyo somo lenyewe.

Ila mbinu ya mawasiliano ina udhaifu ambao kwa Kiswahili unauma kuliko kwa lugha nyingine. Kanada walianza mwaka 1965, huko Saint-Lambert karibu na Montreal, kuwasomesha watoto wa Kiingereza kwa Kifaransa tangu chekechea. Miaka ikapita, watoto walielewa karibu kila kitu na kusema kwa kujiamini, lakini jinsia za nomino na nyakati za vitenzi zilibaki na makosa yaleyale. Merrill Swain alieleza mwaka 1985 kwamba kusikia hakutoshi. Mtu lazima asukumwe aseme kwa usahihi. Badala ya jinsia wekeni ngeli, mtaona picha ya wanafunzi wetu. "Kitabu yangu iko wapi?" inaeleweka kabisa. Anajibiwa, anapewa kitabu, na kosa limelipwa kama vile ni sahihi. Akiwa Nairobi atasikia "kitu ingine" kila siku kutoka kwa wenye lugha wenyewe, na ni haki yao kusema hivyo mtaani kwao. Mwambieni ukweli kwamba hiyo ni sajili moja, yaani lugha ya mahali fulani, na kwamba akiandika barua au akisailiwa kazi itamponza.

Kusahihisha basi ni ufundi. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza mwaka 1997 madarasa manne ya Kifaransa huko Montreal. Zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya kurudia tu sentensi ya mtoto kwa usahihi, na hayo ndiyo yaliyoitikiwa kidogo kuliko aina nyingine zote. Sababu si ngumu kuona. Mwanafunzi anasema, "Kitabu yangu iko wapi?" Wewe unasema, "Kitabu chako kiko wapi? Kiko mezani." Yeye amesikia jibu, hakusikia sahihisho. Fanya hivi badala yake: sema "Kitabu...", pandisha sauti, nyamaza. Hesabu hadi tatu kimoyomoyo. Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba wakifika tatu majibu ya wanafunzi yanarefuka. Kimya hicho kitakutia wasiwasi wewe kuliko yeye, kivumilie. Na usisahihishe kila kitu: somo moja, kosa la aina moja.

Nifungue somo moja la saa nzima lililojengwa kwa haya yote. Lengo ni ratiba ya mabasi, na ngeli iliyofichwa ndani yake ni LI-YA. Andaa karatasi mbili, A na B, zenye mabasi manane yaleyale yanayotoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, Dodoma, Tanga na Arusha. Karatasi A inakosa saa nne za kuondoka ambazo B inazo, na B inakosa nne ambazo A inazo. Bila kuomba habari kwa mwenzake, hakuna anayemaliza. Dakika kumi za kwanza wasikilize mara mbili rekodi fupi ya mtu akiulizia basi kituoni, wapate na maneno sita: kuondoka, kufika, nauli, tiketi, kiti, mapema. Dakika tano za saa za Kiswahili. Hapa ndipo wengi huanguka, wanasoma 7:00 wakasema "saa saba". Usiwafundishe kujumlisha na kutoa sita. Chora saa ya mishale ubaoni, uwaambie watazame namba iliyo mkabala na mshale mfupi: mkabala na 7 ni 1, basi ni saa moja.

Kisha onyesha mfano na mwanafunzi mmoja mbele ya wote, dakika tatu. Usiruke hatua hii. Kazi za wawili wawili huvurugika zaidi kwa sababu watu hawajaelewa wanachotakiwa kufanya kuliko kwa sababu ya lugha. Waketi wamepeana mgongo ili wasichungulie. "Basi la Dodoma linaondoka saa ngapi? Linafika saa ngapi? Basi lipi lina nauli ndogo?" Angalieni: basi la, linaondoka, linafika, lipi, lina. Kazi yenyewe inamlazimisha aseme LI mara 20 bila mtu kutaja LI-YA. Dakika sita, kisha wabadilishane wenzi na karatasi, safari hii dakika nne. Kupunguza muda kwenye marudio ndiko kunakoleta wepesi. Wewe pita kimya ukiandika makosa ya LI tu. Baadaye andika ubaoni sentensi sita ulizozisikia, nne zenye kosa na mbili sahihi, bila majina ya waliosema. Wao wazitenge, dakika kumi. Mwisho wape uamuzi: watu watatu, mmoja ana mtoto mchanga, fedha ni chache, na lazima wafike Dodoma kabla ya jua kuzama; wapande basi lipi, na kwa nini? Muda unaobaki ni wa hilo.

Yataharibika mambo mawili. Wanaojuana watahamia Kiingereza au Kijerumani ili wamalize upesi. Basi tangaza mapema kwamba anayemaliza kwanza hapewi kitu, na kila jozi itaripoti kwa sauti. La pili, mwanafunzi mwenye haya atanyamaza na kumwachia mwenzake. Mpe yeye karatasi yenye habari nyingi zaidi, alazimike kuulizwa.

Niseme kidogo juu ya vipimo na vyombo vya sasa. Mwongozo wa umahiri wa ACTFL, chama cha walimu wa lugha za kigeni cha Marekani, wa mwaka 1986 na ule wa Ulaya wa mwaka 2001 wenye ngazi A1 hadi C2 viligeuza swali, kutoka "anajua nini" hadi "anaweza kufanya nini". Hilo ni jema. Lakini mkumbuke saa. Taasisi ya mafunzo ya wanadiplomasia wa Marekani imekadiria takriban saa 900 za darasani kumfikisha Mmarekani kwenye Kiswahili cha kazi. Mwenye saa 3 kwa wiki kwa wiki 30 anapata 90 kwa mwaka. Msimwahidi asichoweza kukifikia. Mwambieni atakachoweza kukifanya kwa saa hizo 90, na ni kingi: kusalimu, kununua, kusafiri, kueleza familia yake na siku yake.

Programu za simu, kama kozi ya Kiswahili ya Duolingo iliyopo tangu 2017, sehemu kubwa ya zoezi lake ni kutafsiri sentensi moja moja zisizo na muktadha. Ni ileile sarufi na tafsiri. Inachofanya vizuri ni kumrudishia mtu maneno kwa vipindi, kazi iliyotokana na uchunguzi wa Hermann Ebbinghaus wa mwaka 1885 juu ya kusahau. Itumieni kwa hilo. Kadi za maneno ziwe na nomino pamoja na upatanisho wake: si "mti", bali "mti mrefu umeanguka, miti mirefu imeanguka". Na kitenzi kiende na kukanusha kwake, hasa hiki kinachowatesa wote: umekula, sijala, sikula. Akiulizwa "Umekula?" akajibu "sikula", hajajibu swali lililoulizwa. Kuhusu programu za akili mnemba zinazozungumza na mwanafunzi, mazoezi yake ni mengi na hayachoki, lakini wewe soma mazungumzo hayo kabla ya kuyaamini, hasa upatanisho wa vivumishi na lugha ya adabu.

La mwisho ni la kuanza nalo wiki ijayo. Kila baada ya wiki nne rekodi kila mwanafunzi kwa simu, dakika mbili, mada moja, bila maandalizi. Usimpe alama. Sikiliza mara mbili: mara ya kwanza hesabu maneno aliyosema, mara ya pili hesabu upatanisho aliokosea kati ya upatanisho wote alioujaribu. Maneno yakiongezeka na makosa yasipungue, punguza maongezi huru, ongeza kazi kama ile ya mabasi. Makosa yakipungua na maneno yakabaki palepale, funga jedwali la ngeli kwa mwezi mzima na umwache aseme. Tunza rekodi ya kwanza, mchezeshee mwenyewe baada ya miezi sita, kisha muulize anasikia nini.